Miezi Tisa ya Mistari Miwili

Mwalimu hakuwahi kuanza na jambo lenyewe. Ukimpelekea kompyuta inayotoa moshi, atakuuliza kwanza umeamkaje, mama anaendeleaje na mguu, mpunga wa Mwamkulu umetoa masuke au bado, na yule mbuzi aliyepotea alipatikana wapi. Moshi utangoja. Kuna mwaka nguruwe waliingia kwenye maharage ya mjane mmoja pale Ilembo, na Mwalimu ndiye aliyewaona. Alikwenda mbio mpaka mlangoni kwa yule mama, akasimama, akavua kofia, akaamkia, akaulizia watoto wote watano kwa majina, akaulizia na kikohozi. Alipofika kwenye habari za nguruwe, shambani palikuwa pamebaki mashina. Watu walimcheka wiki nzima, na yeye hakuelewa wanacheka nini. "Ningeingia bila salamu angejua nimeleta msiba," alisema. "Angeanguka pale pale. Maharage yanapandwa tena."

Sote tulimwita Mwalimu, ingawa alikuwa amestaafu kufundisha hesabu siku nyingi. Jina lake la kwenye vyeti nalijua, lakini silitaji, maana hata mke wake alimwita Mwalimu. Alikuwa na kibanda karibu na soko la Mpanda, na juu ya mlango aliandika kwa rangi ya bluu: KOMPYUTA TU. SIMU HAPANA. Katika mji ambao watu mia wana simu na mmoja ana kompyuta, hiyo ndiyo ilikuwa biashara yake. Ukimwuliza kwa nini hatengenezi simu, anasema simu ni kitu cha watu wenye haraka.

Haraka aliichukia, lakini kuchelewa kwa wenzake alikuchukia zaidi. Ukimwambia utafika saa nne ukafika saa nne na robo, utapewa hotuba, baada ya salamu bila shaka. Yeye mwenyewe akikwambia kesho, wewe weka wiki mbili. Skrubu zake alizipanga kwenye makopo ya maziwa kwa ukubwa, kila kopo na karatasi yake, na miwani yake aliitafuta kila siku ikiwa kichwani. Chai alipikiwa ya moto akainywa ya baridi, kisha akalalamika kwamba mke wake hajui kupika chai. Mtu wa namna hiyo unampenda na huku unatamani kumtia kofi.

Kitu kilichomkera kuliko vyote ni neno "zima, washa". Mafundi wote wa mji huu, na hata mimi nisiye fundi, tunajua kwamba kompyuta ikigoma unaizima, unaiwasha, maisha yanaendelea. Mwalimu alisema huko si kutengeneza, ni kusahau. "Umemnyamazisha mgonjwa, ukasema amepona," aliniambia. Mimi nilimjibu kwamba huko kazini kwangu wagonjwa ni wale wa kwenye benchi, na wakinyamaza ni nafuu kwangu. Hakucheka. Utani wa wengine haukumwingia hata kidogo.

Sasa niseme kazi yenyewe. Nilikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati ndogo ya mtu binafsi. Mwenyewe alikuwa nesi mstaafu tuliyemwita Matroni, mama mnene, mchapakazi, asiyeamini kitu asichoweza kukichemsha. Kwetu Mwamkulu mimi ndiye wa kwanza kutoka kwenye majaruba ya mpunga nikakaa kwenye kiti chenye magurudumu. Wazazi wangu walikuja huku na ng'ombe kutoka Usukumani, na mama hakujua kompyuta ni nini, ila alijua kwamba mwanawe anaandika watu wakitaka kutibiwa, na habari hiyo alihakikisha imefika kwenye kila mashine ya kukoboa mpunga. Kwa hiyo kile kiti hakikuwa changu peke yangu. Ningekipoteza, mama angekosa pa kupitia.

Kompyuta ya zahanati aliifunga Mwalimu. Ilikuwa kuukuu, na aliiwekea mfumo endeshi wa bure, unaotengenezwa na watu wa kujitolea duniani kote, watu wasiojuana hata sura. Nikiandika jina la mgonjwa, programu yangu inazaa kazi ndogo ya kuchapa lebo ya kubandika kwenye chupa ya damu, halafu inalala kusubiri ile kazi ndogo imalize. Ikimaliza inaamshwa, naandika mwingine. Mara mia inakwenda vizuri. Mara ya mia na moja lebo inatoka, kazi ndogo imekwisha, na programu yangu inaendelea kulala. Naibonyeza, kimya. Nyuma ya dirisha watu ishirini wananitazama, mmoja ana mtoto mwenye homa, na mimi natabasamu bila sababu.

Matroni alikuja na jibu siku ya kwanza tu. Simu. Alisema nachaji simu kwenye kompyuta, na umeme wa simu unavuruga kompyuta. Nikiri hapa kwamba nilikuwa nachaji. Mara moja au mbili. Haya, kila siku. Lakini nilipoacha, kompyuta ikakwama vile vile, na Matroni akasema ni ule umeme wa zamani bado umo ndani. Akanipa mpaka mwisho wa mvua. Ikikwama tena baada ya hapo, tunarudi kwenye daftari na mimi narudi Mwamkulu.

Nikaenda kwa Mwalimu. Mwingine angeniambia nizime niwashe. Yeye alisikiliza, akaniuliza maswali ya ajabu, kama vile inakwama zaidi siku za watu wengi au wachache. Nikasema siku za watu wengi. Akafurahi, akasugua mikono. Miezi miwili alikuwa anasoma kiini cha ule mfumo, yaani ile sehemu ya ndani kabisa inayoamua kazi gani iendelee na ipi ilale. Alikichapa kwenye karatasi, akakisahihisha kwa kalamu nyekundu kama madaftari ya kidato cha pili. Kuna ukurasa niliona ameandika pembeni, "Mvivu. Rudia."

Siku aliyoikamata ile hitilafu aliniita kibandani akanifundisha kwa vitendo. Yeye alikuwa nesi, mimi mgonjwa.

"Niulize kama umeitwa," akasema, baada ya salamu.

"Mwalimu, nimeitwa?"

"Bado. Kakae."

Nikageuka kutafuta kigoda. Nilipompa mgongo, akataja jina langu kwa sauti ya chini sana. Nikakaa. Yeye akarudi kwenye skrubu zake. Nikasubiri mpaka miguu ikafa ganzi.

"Mwalimu, mpaka lini?"

"Mpaka Yesu arudi," akasema. "Mimi nimeshakuita. Kwangu wewe umekwisha. Na wewe unajua hujaitwa, kwa sababu uliuliza ukaambiwa bado. Hakuna mwongo hapa, na utazeekea kwenye hicho kigoda."

Hiyo ndiyo ilikuwa hitilafu yote. Programu inauliza kama kazi ndogo imemaliza, inaambiwa bado, inakwenda kulala. Katikati pale, kabla haijalala, kazi ndogo inamaliza na kupiga kengele. Kengele inamkuta mtu ambaye hajalala, kwa hiyo haina wa kumwamsha, inapotea. Halafu ndipo analala. Na dawa yake ilikuwa kugeuza mistari miwili tu: ujiandikishe kwanza kwamba umelala, ndipo uulize. Kengele ikilia katikati, itakukuta kwenye orodha. Mistari miwili, ule wa juu uje chini, wa chini uje juu. Nilitaka kulia kwa furaha. Nikamwambia basi twende zahanati sasa hivi akaiweke.

Akanitazama kama mwanafunzi aliyeomba majibu ya mtihani.

"Mtahiniwa hajisahihishii," akasema. "Kile kiini kina wenyewe. Nimewaandikia. Wakipitisha, nitaiweka."

"Mwalimu, wewe una uhakika?"

"Ninao."

"Sasa?"

"Sasa hata wale waliofeli walikuwa na uhakika."

Nilimwomba mara tatu, kwa miezi tofauti. Mara ya pili nilikwenda na mchele wa kwetu kilo kumi. Akaupokea, akashukuru, akaulizia mavuno, akakataa. Alisema hawezi kumpa mgonjwa dawa ambayo haijapimwa. Ikumbukwe kwamba huyo mgonjwa alikuwa anakwama mara mbili kwa wiki, na aliyekuwa anakufa ni mimi.

Ile barua aliyowaandikia wenye kiini niliisoma, kwa sababu aliniomba nimkagulie Kiingereza. Ilikuwa kurasa nne. Aya ya kwanza alimwulizia msimamizi wa sehemu ile ya kiini, mtu asiyemjua, hali yake na ya familia yake. Ya pili alieleza mvua za huku zilivyochelewa na kuuliza kama na kwao zimechelewa. Ya tatu aliomba radhi kwa usumbufu. Ya nne alieleza Mpanda iko wapi, na reli inaishia wapi. Hitilafu ilianza ukurasa wa tatu. Nilimwambia, Mwalimu, hawa wazungu, au sijui ni Wahindi, hawana muda huo. Akaniambia mtu yeyote aliyezaliwa na mama ana muda wa kuamkiwa.

Aliituma mwezi wa kwanza. Tukasubiri. Watu wa Mwamkulu walipandikiza mpunga, wakapalilia, wakaanza kufukuza ndege. Kila nikipita kibandani namwuliza, wamejibu? Bado, binti. Watu wazima hawakurupuki. Mimi huku nilikuwa nimeshajifunza kuzima na kuwasha kwa siri, mkono chini ya meza, huku namwuliza mgonjwa umri wake polepole ili kompyuta ipate muda wa kuamka. Nilikuwa hodari kweli. Wazee wengine walidhani nina huruma.

Mvua zilikwisha. Wiki ya pili ya kiangazi ilikwama Matroni akiwa amesimama nyuma yangu. Hakunigombeza. Alinipa daftari jipya nimwachie atakayekuja, akaniambia niache na ufunguo. Nje kwenye benchi walikuwepo wanawake wawili wa Mwamkulu. Nilijua mama atapata habari kabla sijamaliza kutafuta bodaboda.

Sikwenda nyumbani. Nilikwenda kibandani, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu sikumwamkia Mwalimu. Nilimwambia, fungua hizo barua zako nizione mwenyewe. Alishtuka mpaka akainuka. Nadhani alifikiri kuna aliyefariki. Akafungua.

Kulikuwa na barua kadhaa. Mbili za juu ziliandikwa na mashine: kwamba amejiunga na kundi la barua pepe la wenye kiini, na kwamba barua yake imefika. Ya tatu ilikuja siku ya pili tu baada ya yeye kutuma. Ilisema hivi, na hapa naitafsiri yote: "Ndefu mno. Eleza tatizo kwa sentensi tatu, tuma tena." Ya nne ilikuja mwezi wa pili: "Bado unaitaka hii? Nadhani uko sahihi."

"Mwalimu," nikasema, "si wamejibu."

"Hizo ni za mashine."

"Nani kakwambia?"

"Binti, soma. Hakuna salamu. Hakuna jina. Hakuna hata 'nimepokea barua yako'. Mashine ndiyo inaandika hivyo."

"Mashine inauliza kama bado unaitaka? Mashine inasema 'nadhani'?"

Akavaa miwani, ambayo ilikuwa kichwani. Alisoma ile mistari michache kwa muda ambao mtu anasoma wosia. Mimi nilikuwa nimesimama pale na ufunguo wa zahanati umeshatoka mfukoni mwangu, na mbele yangu mtu aliyenikalisha kwenye kigoda akanionyesha jinsi mtu anavyosubiri kengele iliyokwisha kulia. Alikuwa ameishi kwenye kigoda hicho miezi mitano.

"Kwa hiyo," akasema taratibu, "tangu mwezi wa pili kuna mtu ananingoja mimi."

"Na mimi nimefukuzwa leo, Mwalimu."

"Hilo nalo," akasema.

Hilo nalo. Niliondoka kabla sijashika kibodi nikamtia nayo ya kichwa.

Siku ile ile aliandika sentensi tatu. Aliniambia baadaye kwamba alijisikia kama mtu aliyetoka nje bila shati. Baada ya wiki mbili ile dawa ikapitishwa, na yule msimamizi akamjibu kwa maneno mawili: imewekwa, asante. Mwalimu alikwenda zahanati jioni hiyo hiyo akaweka kiini kipya. Na tangu siku hiyo kompyuta haikukwama tena hata mara moja.

Na hapo ndipo mambo yangu yalipoharibika kabisa. Msichana aliyechukua kiti changu aliikuta imepona. Mwezi ukapita, haijakwama. Matroni akawa anawaambia watu dirishani, kwa nia njema kabisa: mnaona, tangu aondoke yule wa simu. Mwamkulu wakaichukua ilivyo. Kwenye mashine ya kukoboa mama aliambiwa kwamba mwanawe aliua kompyuta ya hospitali. Aliacha kwenda kukoboa, akawa anatwanga nyumbani kwa kinu, na bega lake ni bovu. Mimi nilikuwa namsikia anatwanga nikiwa ndani. Ningemwelezaje habari za kengele?

Nilimweleza Mwalimu. Sikumlaumu, nilikuwa nimechoka. Nilimwambia tu kwamba dawa yake ndiyo imenihukumu, kwa sababu imefanya kazi wiki mbili baada ya mimi kuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akaiweka chini chai yake iliyopoa, akaniambia Jumatatu asubuhi nikae kwenye benchi la zahanati, mahali ambapo Matroni anaona mikono yangu.

Jumatatu nikamkuta ameshaongea na Matroni. Sijui alimwambia nini, ila kwa salamu zake najua alianza mapema. Alikuwa ametoa kiini kipya na kurudisha kile cha zamani, chenye ugonjwa, yule mtu aliyekataa miezi yote ile kunipa dawa isiyopimwa. Halafu akakaa yeye mwenyewe kwenye kiti changu, na koti lake la kufundishia, akaanza kuandika wagonjwa. Simu aliiacha kwake, na alimwomba Matroni ampekue mifuko. Matroni akampekua kweli.

Haikukwama. Jumatatu haikukwama, Jumanne haikukwama. Kila mgonjwa Mwalimu alimwuliza habari za nyumbani, za mifugo, za wale wa Kabungu ambao huenda wanafahamiana, na hitilafu yenyewe inataka watu wapite haraka. Foleni ilifika barabarani. Jumatano mchana Matroni alikuja akamwambia, Mwalimu, nakuheshimu, lakini watu watafia hapa nje. Mimi kwenye benchi nilikuwa nimeshakata tamaa. Nilikuwa namwomba Mungu kompyuta iharibike, na hayo nayo ni maombi.

Alhamisi ilikuwa kliniki ya watoto. Mwalimu alifika, akaangalia ule umati, akakaa, akasema, "Jina. Umri. Unatoka wapi. Mwingine." Hivyo tu. Wanawake walitazamana. Mmoja alininong'oneza, mwalimu huyu kafiwa na nani? Aliwapitisha bila kuinua kichwa, na niliona shingo yake inatoka jasho. Kabla ya saa tano lebo ikatoka, na kioo kikaganda.

Hakukigusa. Alimwita Matroni, akainua mikono yote miwili juu, mitupu.

"Mama, imekwama. Ni ile ile. Huyu binti amekaa pale tangu Jumatatu."

Matroni alinitazama mimi, akatazama kompyuta, akatazama chini ya meza kwenye nyaya.

"Sasa aliyeiharibu ni nani?" akauliza.

Angeweza kusema ni mtu fulani wa mbali aliyeandika mistari miwili kichwa chini. Ndio ulikuwa ukweli. Lakini Mwalimu alijua kwamba Matroni, na benchi zima, wasingemshika mtu wa mbali. Walitaka mtu wanayemwona.

"Ni mimi," akasema kwa sauti ya darasani, mpaka wa nje wakasikia. "Dawa nilikuwa nayo tangu mwezi wa kwanza. Binti aliniomba mara tatu nikamnyima. Nilikuwa nangoja ruhusa ya watu wa mbali. Yeye hakuharibu kitu."

Matroni akamwambia aweke hiyo dawa yake, na akimaliza asirudi tena pale kwa kazi ya kompyuta, atamtafuta fundi mwingine. Mwalimu akaitikia ndiyo mama. Akarudisha kiini kipya, akachukua koti lake. Matroni akanigeukia mimi, akasema watu wanangoja, ingia. Hakuomba radhi. Yule msichana mwingine alipelekwa kwenye chumba cha dawa, na nadhani alifurahi.

Jioni nilipofika Mwamkulu, kinu kilikuwa kimegeuzwa mdomo chini. Mama alikuwa ameshasikia, tena kwa watu wawili. Alinipa maji ya kunawa.

"Wanasema mwalimu ndiye aliyeiharibu," akasema.

"Hapana, mama. Yeye ndiye aliyeitengeneza."

"Mbona kasema ni yeye?"

Nilifungua mdomo nimweleze, nikakuta nalia. Mama alipakua wali wa mchele wa mashine, mweupe, akasukuma sahani kwangu.

"Jumapili mlete," akasema.